Nyama ya kusaga ya Kikorea imekataa? Anza na maji, si na viungo

Chakula chenyewe hakina makuu. Nyama ya kusaga ya ng'ombe inakaangwa mpaka ishike rangi, inatiwa soya sosi, sukari, kitunguu saumu na tangawizi, inamaliziwa na mafuta ya ufuta, kisha inapakuliwa juu ya wali mweupe. Dakika 20 kimeiva, na nusu kilo inashibisha watu wanne. Ladha hiyo Wakorea wanaijua kwenye bulgogi, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba sana, ikalowekwa kwenye viungo, ndipo ikachomwa au kukaangwa. Kutumia ya kusaga badala ya vipande ni njia ya mkato iliyopata umaarufu zaidi Amerika Kaskazini, kwa sababu nyama ya kusaga ni nafuu na haidai kisu kikali wala kulowekwa.

Kwa vile kinaonekana rahisi, kikiharibika mtu anatafuta mchawi. Mmoja atasema hana gochujang, ule uji wa pilipili wa Kikorea, mwingine atasema soya sosi yake si ya Korea. Kwa kawaida mchawi hayuko kwenye kabati la viungo. Yuko kwenye maji yaliyobaki kikaangoni, na kwenye mpangilio wa nini kiingie lini. Ukivirekebisha hivyo viwili, hata soya sosi ya duka la mtaani inatoa chakula cha maana.

Vipimo nitakavyovirejea ni hivi: nyama ya kusaga nusu kilo, soya sosi ya kawaida vijiko 3 vya mezani, sukari ya kahawia vijiko 2 vya mezani, kitunguu saumu punje 4 au 5 zilizotwangwa, tangawizi iliyokunwa kijiko 1 cha chai, mafuta ya ufuta vijiko 2 vya chai, pilipili kiasi chako, vitunguu majani mashina 3 au 4, na ufuta wa kunyunyizia juu. Ruka hadi kwenye dalili inayokusumbua, lakini pitia hii ya kwanza hata kama unaona haikuhusu, maana nyingine nyingi zimezaliwa hapo.

Nyama imejaa maji, imechemka badala ya kukaangika

Unaitia nyama, inalia chwaaa, unafurahi. Baada ya dakika moja sauti inafifia. Chini kumejaa maji ya kijivu yenye povu na nyama imegeuka rangi ya majivu. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, utakula nyama iliyochemshwa kwenye soya sosi, na hakuna kiungo kitakachoificha ladha hiyo.

Karibu asilimia 70 ya nyama ya ng'ombe ni maji, na mashine ya kusagia imeshayafungulia njia. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100 za Selsiasi, wakati nyama inaanza kushika kahawia na kutoa harufu ya kukaangwa kwenye nyuzi 140 hivi. Maana yake, maji yakiwa bado yamo, ongeza moto utakavyo, bado unapika supu.

Kinacholeta maji mengi kuliko kawaida ni nyama iliyotoka kwenye friza ikatiwa kabla haijayeyuka yote, kikaango kidogo kilichobebeshwa nusu kilo kwa mkupuo, kikaango ambacho hakijapata moto wa kutosha, na kitunguu maji kilichotangulia kikaachia maji yake. La mwisho hilo ni mazoea yetu: mchuzi wowote tunaanza na kitunguu. Hapa nyama ndiyo inatangulia, peke yake, bila chumvi na bila soya sosi.

Kama umeshafika kwenye maji, usihamaki. Inamisha kikaango, sogeza nyama upande mmoja, chota maji uyaweke kwenye kikombe. Usiyamwage, yana ladha, na utayahitaji sosi ikikauka mno. Rudisha kikaango kwenye moto mkali, tandaza nyama, halafu iache. Kinachowashinda wengi ni huko kuiacha, kwa sababu mkono unataka kukoroga. Sikiliza. Maji yakiwemo unasikia kutokota kuzito. Yakikauka sauti inageuka kuwa milio midogo mikavu, ta-ta-ta, na harufu inahama kutoka ya supu kwenda ya nyama choma. Chini ya kikaango kutajitokeza utando wa kahawia ulioshika. Huo ndio utamu wenyewe. Usiukwangue ukautupa, soya sosi ikiingia baadaye itauyeyusha urudi kwenye nyama.

Mara nyingine ukipika, kausha nyama kwa karatasi za jikoni, pasha kikaango mpaka tone la mafuta lianze kuteleza kama maji, na kama jiko lako ni la umeme lisilo na nguvu, kaanga kwa mafungu mawili. Karai pana linafaa kuliko sufuria ndefu, kwa sababu mvuke unatoka haraka. Na usifunike.

Imeshikana mabonge

Mabonge yanatokana na kukandwa au na chumvi ya mapema. Chumvi inaiyeyusha protini ya nyama, na protini hiyo inageuka gundi. Kwenye kebabu unaitaka, na Wakorea wanaitumia kwenye tteokgalbi, ile nyama ya mbavu iliyokatwakatwa ikakandwa na viungo ikawa kama mkate bapa kabla ya kuchomwa. Hapa huitaki. Kwa hiyo usichanganye nyama na soya sosi kwenye bakuli "ilowe" kabla ya kukaanga. Kulowesha ni kwa vipande vizima. Nyama ya kusaga ina nyuso nyingi mno za kushikia sosi, haina haja ya kusubiri.

Njia inayonipa matokeo mazuri ni kuibandika nyama kama chapati kwenye kikaango, kuiacha ishike rangi chini, kuigeuza vipande vikubwa, kisha kuivunjavunja kwa ncha ya mwiko. Mabonge yaliyokwisha kuiva yanasagika kwa kifaa cha kupondea viazi, moto ukiwa mdogo.

Chumvi imezidi

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na lina mizizi kadhaa.

Mzizi ambao hautajwi sana ni wali. Korea wali unapikwa kwa maji matupu, hauna chumvi wala mafuta. Nyama, kimchi (mboga zilizochachushwa kwa chumvi na pilipili) na vitoweo vingine vinakolezwa chumvi kwa kuhesabu kwamba vitakutana na wali usio na kitu. Sisi wali wetu una chumvi, mara nyingi na mafuta, na Pwani una tui la nazi juu yake. Ukiipakulia nyama hii kwenye wali wa nazi, chumvi inajumlishwa mara mbili, utamu wa sukari unagongana na wa nazi, na unaishia kuilaumu soya sosi. Pika wali mtupu usiotiwa kitu. Ukiuonja peke yake utaona umepooza, na ndivyo inavyotakiwa. Nikiulizwa, nitasema ugali nao unafaa, kwa kuwa hauna chumvi. Mkorea atashangaa, lakini ulimi hautalalamika.

Mzizi mwingine ni aina ya soya sosi. Kijiko kimoja cha mezani cha soya sosi ya kawaida kina chumvi zaidi kidogo ya gramu 2, hivyo vijiko 4 vinakaribia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi tupu. Ukiongeza tena chumvi kwa mazoea, umeharibu. Kwenye duka la vyakula vya Kikorea, angalia usichukue guk-ganjang, ambayo ni ya supu: ina rangi hafifu lakini chumvi yake ni kali zaidi. Ya kazi hii inaitwa jin-ganjang au yangjo-ganjang. Kwenye maduka yetu utakuta zaidi za Kichina, nyepesi na nyeusi. Tumia nyepesi, ukianza na vijiko viwili na nusu. Ile nyeusi ni nzito, ipo kwa ajili ya rangi. Ukiitegemea peke yake nyama inakuwa kama lami na ladha inalala.

Mzizi wa tatu ni kukauka. Sosi iliyoonjwa ikiwa maji ilikuwa sawa. Imechemka ikapungua nusu, chumvi imebaki yote. Onja mwishoni, na uonje pamoja na kijiko cha wali.

Dawa yake ni kuongeza ujazo: kabichi iliyokatwa nyembamba ikakaangwa pembeni bila chumvi, mayai mawili ya kuvurugwa, tofu, au wali mwingi zaidi. Sukari inaupoza ukali wa chumvi mdomoni, lakini haiiondoi. Kiazi kinachotumbukizwa "kinyonye chumvi" kinanyonya sosi yote pamoja na chumvi yake. Kinachobaki ni chumvi ileile kwenye sosi kidogo.

Ni tamu tu, lakini haina ladha ya Kikorea

Anza na mafuta ya ufuta kabla hujafikiria kingine chochote. Yanayohitajika hapa yamekamuliwa kutoka ufuta uliokaangwa, yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukifungua chupa harufu inakufikia kabla hujainama. Mafuta ya ufuta, au simsim, yanayouzwa kwetu mengi yamekamuliwa kutoka mbegu mbichi: ni ya manjano hafifu, mazuri kwa kazi zake, lakini harufu ile hayana. Mtu anatia vijiko vitatu, hasikii kitu, anaongeza, na chakula kinajaa mafuta bure.

Hapa pana namna ya kuokoa pesa. Ufuta tunao, Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi. Chukua vijiko 3 vya mezani vya ufuta safi, ukaange mkavu kwenye moto mdogo huku ukitikisa kikaango. Mbegu zitaanza kurukaruka na kuvimba kidogo, rangi itaelekea dhahabu, na ukisugua mbegu moja kati ya vidole itasagika badala ya kuteleza. Ipua hapo hapo na uzimwage kwenye sahani, maana kikaango cha moto kinaendelea kuziunguza. Twanga nusu yake na chembe ya chumvi. Wakorea wanaita kkaesogeum, nao hunyunyizia vyakula vingi. Vijiko viwili vya chai vya unga huo, pamoja na kijiko cha mafuta yako ya kawaida, vinafanya kazi ambayo chupa ya bei kali ingefanya.

Kosa jingine hapohapo ni kukaangia nyama kwa mafuta ya ufuta uliokaangwa. Harufu yake haistahimili moto mrefu; inapotea, na mafuta yakizidi joto yanakuwa machungu. Kaangia mafuta ya kawaida. Ya ufuta yaingie jiko likiwa limezimwa.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye gochujang. Ni uji mzito mwekundu uliochachushwa, wa pilipili ya unga, mchele unaonata, maharage ya soya yaliyochachushwa na chumvi. Sunchang, katika jimbo la Jeonbuk (zamani Jeolla Kaskazini), ndiko kunakosifika kwa kuutengeneza. Una ukali, utamu, na uchachu wa mbali unaokaa nyuma ya ulimi. Huna? Basi usiigize kwa tomato sosi na pilipili. Kitakachotoka ni kitu cha tatu, si cha Korea wala si cha kwetu. Pika ya soya sosi tupu. Bulgogi ya asili haina ukali wa pilipili, kwa hiyo sahani isiyo na gochujang haina upungufu wowote. Ni tawi jingine la mapishi yaleyale.

Ukiipata, kijiko 1 cha mezani kinatosha kwa nusu kilo, na upunguze soya sosi kwa kijiko kizima kwa sababu gochujang nayo ina chumvi. Iyeyushe kwanza kwenye bakuli pamoja na soya sosi, sukari na vijiko viwili vya maji. Ukiitupia nzima kwenye kikaango inabaki vibonge: mmoja mezani anapata moto mtupu, mwenzake hapati kitu. Wasiotumia kilevi wasome kibandiko, kwa sababu aina nyingi za dukani zimetiwa alkoholi kidogo ili kuzuia uchachu usiendelee, na hata baadhi ya soya sosi zinayo. Zipo zenye nembo ya halali. Ikishafunguliwa, ikae kwenye friji. Juu yake kuwa nyeusi kidogo si kuharibika, ila ukiona ukungu itupe.

Pilipili imewaka kupita kiasi

Maelekezo yalisema kijiko kimoja cha gochugaru, wewe ukaweka kijiko kimoja cha pilipili ya unga ya sokoni. Havilingani hata kidogo. Gochugaru ni pilipili nyekundu iliyokaushwa ikasagwa chengachenga, nyingi zikiwa za ukali wa wastani, zenye rangi kali na utamu kwa mbali. Pilipili yetu, hasa ikisagwa kutoka kwa pilipili kichaa, inachoma mara nyingi zaidi. Changanya paprika kijiko kimoja na pilipili yako kwa ncha ya kisu, onja, ndipo uongeze. Kama imeshawaka, yai la kukaanga lenye kiini kibichibichi juu ya kila sahani linatuliza vizuri kuliko maji ya kunywa.

Kuna uchungu

Washukiwa ni watatu na wanatambulika kwa pua. Kitunguu saumu kilichoungua kinatoa uchungu mkali unaobaki kooni: kilitiwa mapema pamoja na nyama kikakaa kwenye moto mkali dakika kumi, wakati kilihitaji nusu dakika tu baada ya maji kukauka, mara harufu inapopanda. Sukari iliyoungua inanuka kama karameli iliyopitiliza na inashika chini. Sufuria nyembamba ya aluminiamu ni hodari kwa hili, inaungua katikati huku pembeni bado baridi. Ufuta uliokaangwa ukapitiliza una uchungu mkavu, na unauona kwa rangi.

Uchungu hautibiki kwa sukari. Kama umeshika chini tu, hamishia nyama ya juu kwenye chombo kingine bila kukwangua, na unaweza kuokoa robo tatu. Kama ni kitunguu saumu kimesambaa kote, pole.

Sosi ni maji, au imekuwa gundi

Sosi ya maji mara nyingi ni lile tatizo la kwanza limerudi kwa jina jingine. Ongeza moto, acha wazi, dakika mbili tatu. Ikigoma, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa konfulawa kwenye kijiko cha mezani cha maji baridi, mimina huku unakoroga, subiri ichemke. Unga ukienda mkavu kwenye sosi ya moto unatengeneza vidonge ambavyo huviondoi tena.

Imekuwa gundi? Sukari imepikwa mno. Rudisha yale maji ya nyama uliyoyaweka kwenye kikombe, kijiko kwa kijiko, moto mdogo. Ladha inafunguka mara moja.

Kwa taarifa, Wakorea wana mapishi ya nyama ya kusaga ambamo uzito huu unatafutwa kabisa. Yanaitwa yak-gochujang: nyama inakaangwa, inaingia gochujang nyingi, asali au sukari na mafuta ya ufuta, inapikwa polepole mpaka iwe kama jemu. Inawekwa kwenye chupa ndani ya friji, na kijiko kimoja kinaulisha wali au bibimbap, yaani wali uliochanganywa na mboga. Kwa hiyo gundi iliyokutoka kwa bahati mbaya, kama haijaungua, ina pa kwenda.

Inaelea mafuta, au imekauka kama mchanga

Haya yanaamuliwa buchani. Ukisagiwa steki tupu, unapata nyama isiyo na mafuta kabisa, ya bei juu, na ikikaangwa inakuwa punje ngumu. Ukisagiwa mabaki yaliyochanganywa na mafuta, bei inashuka ila kikaango kinaogelea. Mwombe mwenye bucha asage mbele yako nyama ya kawaida yenye mafuta kidogo, kama sehemu moja ya mafuta kwa tano za nyama. Ukiona iliyosagwa tayari kwenye sinia ni nyeupe mno au imeanza kugeuka rangi na kunata, achana nayo.

Mafuta yakizidi, yachote baada ya nyama kushika rangi, ukibakisha kijiko kimoja, na ufanye hivyo kabla sosi haijaingia, ama sivyo utachota soya sosi yako yote. Nyama ikiwa kavu, ongeza kijiko cha mafuta tangu mwanzo na uache baadhi ya punje kubwa kubwa. Usivunje hadi iwe unga. Isibaki sehemu yenye rangi ya waridi, ingawa rangi peke yake si uthibitisho kwamba imeiva. Wenye kipimajoto watafute nyuzi 71, kiwango kinachoshauriwa Marekani kwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa.

Imelegea kama uji

Umetia tunda. Umesoma kwamba bulgogi inatiwa pea la Kikorea lililokunwa, hulikupata, ukatia papai bichi kama la mishkaki, au nanasi, au kiwi. Vimeng'enya vya matunda hayo vinavunja nyuzi za nyama. Kwenye kipande cha mshikaki ni msaada. Kwenye nyama ambayo mashine imeshaikatakata, hakuna kilichobaki cha kulainisha. Kama unataka ule utamu wa matunda, kuna nusu tofaa la kukunwa ambalo halina makali hayo. Litie pamoja na sosi, mwishoni. Nyama ikishalegea hairudi. Ifanye kujazia sambusa.

Umeongeza mboga ili itoshe, ladha ikafa

Kuongeza ni sahihi, na Wakorea wenyewe hufanya hivyo. Bulgogi ya chunguni, ttukbaegi bulgogi, ina kitunguu, uyoga na tambi za wanga wa viazi vitamu zinazonyonya mchuzi, na nyama inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Tatizo ni kutia kabichi, karoti na uyoga kwenye kikaango kimoja na nyama: vyote vinaachia maji, tumerudi kule kwenye dalili ya kwanza. Kaanga nyama, itoe. Kaanga mboga kwenye kikaango hichohicho kwa moto mkali, bado zikiwa na mlio ukizing'ata. Rudisha nyama, ndipo sosi. Na kila ujazo ukiongezeka kwa nusu, sosi nayo iongezwe kwa robo hivi, sukari ikiwa ya mwisho.

Soya ya vipande vikavu, ile ya pakiti inayouzwa kama nyama ya soya, inafaa kuchukua hadi theluthi ya nyama. Iloweke kwenye maji ya moto, kisha ikamue kwa nguvu zote kwa mikono miwili. Ikiachwa na maji inateketeza kazi yote.

Vijiko vitano vya kwanza vitamu, kisha unakinai

Hapa nyama haina kosa. Kinachokosekana ni uchachu. Meza ya Kikorea haikai bila kimchi au kitu kilichotiwa siki, na hiyo ndiyo inayokata utamu na mafuta ili mkono urudi tena sahanini. Kimchi ya dukani ni ghali, na inaweza kuwa na mchuzi wa samaki au uduvi kwa wenye mzio. Fanya kachumbari ya matango: kata matango mawili duara nyembamba, yanyunyizie nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaache dakika kumi, yakamue. Tia kijiko kimoja cha mezani cha siki, kijiko cha chai cha sukari, pilipili, na ule ufuta uliotwanga. Nyanya usitie, zinaleta maji.

Njia nyingine ni kula kwa kufunga, ssam: jani la saladi kiganjani, wali kidogo, nyama kidogo, kipande cha kitunguu saumu kwa mwenye ujasiri, yote mdomoni kwa mara moja. Kwa watoto ni mchezo, na nyama inakwenda mbali.

Wali hauungani na nyama

Mchele wa Korea una punje fupi, unashikana kidogo, unabebeka kwa vijiti. Mchele wa basmati unachambuka na sosi inateremka chini ya sahani. Usiende kununua wa kutoka nje kwa ajili ya mlo mmoja. Chukua mchele wetu mpya, ambao hunata zaidi kuliko wa zamani, ongeza maji robo kikombe kuliko kawaida yako, usiukaange, na uuache ukiwa umefunikwa dakika kumi baada ya kuzima jiko.

Kiporo kimegeuka harufu na ugumu

Nyama iliyopikwa inakaa siku tatu hadi nne kwenye friji, mradi haikulala mezani. Kwenye joto la Dar au Mombasa mchana, saa moja nje ni nyingi. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa vijidudu vyake vinaacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze upoe haraka, kisha friji.

Ugumu unatoka kwenye kupasha kwa moto mkali bila maji. Tia vijiko viwili vya maji, funika, moto mdogo, dakika tatu mpaka mvuke utoke kote. Halafu dondoshea mafuta ya ufuta mapya, matone tu, kwa sababu ya jana harufu yake imeshakwenda.